Aliyetangaza Mpira kwa Kimeru

Pale Kinoru, ukitoka uwanjani ukielekea mjini, kuna baa inaitwa Hafutaimu. Usiitafute kwa urembo wake. Ukuta wa mbele ni mabati ya rangi ya kijani, viti ni vya plastiki, na kuhusu choo ni heri kunyamaza. Lakini Jumamosi jioni, mechi za Uingereza zikianza, ungekuta watu wamejaa mpaka barabarani, wengine wamesimama juu ya pikipiki ili wachungulie dirishani. Hawakufuata bia. Bia iko kila mahali Meru. Walimfuata Murungi.

Murungi alikuwa anazima sauti ya Kiingereza, anashika maiki, na kutangaza mpira kwa Kimeru.

Wala hakuwa anatafsiri. Wachezaji wote aliwang'oa Uingereza akawapanda Meru. Beki mzito alikuwa mzee wa Nkubu anayetafuta miwani. Golikipa aliyesimama tu akitazama mpira ukipita alikuwa mtu anayengoja chenji dukani. Timu ikipasiana pasi fupi fupi bila kufika popote, alisema wanaubeba kama maziwa kwenye sufuria isiyo na kifuniko. Na bao likiingia hakupiga kelele kama wale wa redio. Alishusha sauti, akangoja kidogo, akasema polepole kama mtu anayeleta habari za mahari, "Ng'ombe wameingia boma." Hapo ndipo baa ilipasuka.

Ilianza kwa ajali. Wakati huo Murungi alikuwa muuza mitumba soko la Gakoromone, na sauti yake ilikuwa ikisikika kutoka kwenye suruali mpaka kwenye vitunguu. Mkewe, Wambeti, ndiye aliyefungua baa. Leseni ilikuwa kwa jina lake, na ulimi wa kufukuza walevi pia ulikuwa wake. Siku moja spika iliungua katikati ya mechi, watu wakaanza kupiga miluzi na kudai mechi ni haramu bila sauti. Murungi akapanda juu ya kreti akaanza kutangaza, nia yake ikiwa tu watu wasihamie baa ya ng'ambo. Wiki iliyofuata spika ilikuwa imetengenezwa, na watu walipoisikia ile sauti ya Kiingereza wakasema hapana, toa hiyo, tuletee mtu wetu.

Wazee ambao hawakuwahi kuelewa ofsaidi tangu ianzishwe waliielewa kwa Murungi. Walikuja na gambuti zao za shambani, wakaagiza soda moja wakaikalia mpaka mwisho. Wambeti aliwasema sana. "Hii ni baa, si kliniki. Mtu hanywi, anakalia kiti tu." Lakini hakumfukuza hata mmoja, na wao walijua hatawafukuza.

Ukuta kwa ukuta na baa kulikuwa na bucha ya Abdilatif. Abdilatif ni Muislamu wa mjini, hakukanyaga ndani ya baa hata siku moja. Nyama choma aliipitisha kwenye kidirisha. Siku za mechi aliweka stuli yake chini ya kile kidirisha, akakaa hapo nje na kisu mkononi, akasikiliza. Hakuona skrini. Alisema haoni haja.

Mvua za Oktoba zilipokuja, sauti ya Murungi ilianza kukwaruza.

Hakuna aliyeshtuka. Ni nani atashtuka? Kwa watu wa Hafutaimu, mtangazaji ambaye sauti yake haijakauka kufika Jumapili basi Jumamosi alikuwa amelala kazini. Njura, dereva wa lori la mchanga na kiongozi wa ile kona ya Arsenal, alimpiga bega. "Sasa ndiyo umeiva, baite. Hiyo ndiyo sauti ya mtangazaji. Zamani ulikuwa unaimba kama kwaya."

Wakacheka, na Murungi naye akacheka, kicheko kikamkwama njiani akakohoa.

Wambeti alichemsha tangawizi. Akaongeza ndimu na asali ya Tharaka. Mteja mmoja akaleta mafuta ya kondoo ya kupaka shingoni, mwingine akasema atafune karafuu. Mwanzoni sauti ilikuwa inarudi kufikia Jumatano. Baadaye ikawa inarudi Ijumaa. Halafu ikaacha kurudi, ikabaki ile ya kukwaruza peke yake, na watu wakaongezeka. Kulikuwa na vijana walioiacha baa yao ya Makutano ili wasikie "yule mzee wa sauti ya changarawe." Wambeti alinunua viti zaidi.

Abdilatif alimwita Wambeti siku moja kwenye kidirisha.

"Mama Kanana, nikuambie kitu?"

"Sema, nyama inaungua."

"Hii sauti si ya kelele. Marehemu baba alianza hivi hivi. Mpeleke hospitali."

"Abdilatif, wewe kata nyama. Koo ya bwanangu niachie mimi."

"Haya, mama. Nimesema tu."

Hakuudhika. Alimpa sahani yake ya nyama kama kawaida, akamwekea na kachumbari. Hilo ndilo lilikuja kumuuma Wambeti baadaye, kwamba hata hakuudhika. Angemtukana kidogo, labda Wambeti angemsikia.

Murungi mwenyewe alijua kitu. Mtu anajua mwili wake. Alianza kusema ameshiba kabla hajala, akawa anakunywa uji kama mtoto wa kuachishwa ziwa, mpaka Wambeti alipomkuta jikoni akijaribu kumeza tonge moja la ugali na machozi yanamtoka. Aliweka mwiko chini. Asubuhi iliyofuata walipanda gari kwenda Embu kumwona daktari wa koo.

Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye mikono ya baridi. Alipitisha kamera nyembamba puani, akatazama, akatazama tena, wakachukua kipande cha kupima. Waliporudi kuchukua majibu aliwafungia mlango.

"Umekaa na hii sauti muda gani?"

"Tangu mvua," Murungi akasema.

"Mvua gani?"

Maana mvua zilikuwa zimekuja zikaenda, zikaja tena. Murungi alimtazama Wambeti. Wambeti alitazama kalenda ya ukutani kana kwamba imeandikwa jibu.

Ilikuwa saratani. Daktari aliisema kwa Kiswahili, polepole, wasipitwe na neno. Koromeo lote litolewe, na litolewe upesi. Atapumua kwa tundu hapa shingoni. Atakula, atatembea, atalima akitaka. "Lakini ile sauti, mzee, hapana. Kuna kifaa cha kushikilia shingoni, kinasaidia kuongea. Si kama sauti yako, lakini watu watakuelewa."

"Na nikiacha?"

"Ukiacha itakufunga hewa."

Barabara ya kurudi Meru inapita Runyenjes, kwao Wambeti. Walishuka hapo kwa sababu Murungi alitaka chai, wakakaa kwenye hoteli moja inayoangalia stendi. Nje boda boda zilikuwa zinapita zimebeba magunia ya kabichi na ndizi. Murungi alikoroga chai mpaka ikapoa.

"Siendi," akasema.

"Huendi wapi?"

"Kukatwa."

Wambeti alikunja leso yake mara nne. Kwa mtu anayemjua, hiyo ilikuwa ishara mbaya.

"Fikiria mwenyewe," Murungi akaendelea na ile sauti ya changarawe, akiinama ili asisikike meza ya pili. "Nikitoka huko bila sauti, pale Hafutaimu mimi ni nani? Mimi ni kiti."

"Utakuwa mtu aliye hai. Kuna wengi wanaifanya hiyo kazi bila maiki."

"Wewe unaona ni mchezo."

"Ni wewe uligeuza kila kitu mchezo. Hata mahari ya binti yetu Kanana uliitangaza kama penalti, wakwe wakatuona wazimu."

Alitabasamu kidogo. Halafu akasema, "Niache nimalize msimu. Mpaka Mei tu."

"Daktari amesema hata mwezi ni mrefu."

"Daktari si wa Arsenal."

Wambeti alitaka kucheka, na kwa kutaka huko kucheka ndipo moyo wake ulipovunjika. Alisukuma kikombe kando. Akamwambia kwa Kiembu, lugha ya nyumbani kwao ambayo hakuitumia kwa bwanake ila wakati wa hasira, kwamba alihamia huko Meru kwa sababu yake, hakuhamia kwa sababu ya baa wala mpira. Kwamba kama amechagua kufa kwa ajili ya timu ya wazungu wasiomjua, basi yeye atashuka hapa hapa Runyenjes na hatakwenda kumzika. Wamzike Arsenal.

Mwenye hoteli aliacha kupanguza meza. Murungi aliangalia nje, akaangalia zile kabichi.

"Mechi moja basi," akasema. "Ya Jumamosi. Halafu twende."

"Moja."

Wambeti hakumwambia mtu, lakini Kinoru ni Kinoru, na Jumamosi hiyo watu walijaa mapema kama wanaosubiri maiti. Wazee wa gambuti walivaa viatu. Abdilatif alifunga bucha, akatoa stuli yake akaiweka karibu kabisa na kidirisha, kichwa kikawa karibu kuingia ndani. Njura alikuwa amenyoa ndevu.

Murungi alikuwa ameomba mechi kubwa, na kubwa ilikuwa, kwenye karatasi. Uwanjani ilikuwa takataka. Timu zote mbili ziliogopana. Mpira ulienda kando, ukarudi kati, ukaenda kando. Alijaribu. Alisema wanacheza kama wakwe wanaokutana mara ya kwanza, kila mtu anamwambia mwenzake karibu. Watu wakacheka zaidi ya utani wenyewe. Kipindi cha pili sauti ikaanza kumtoka. Ikawa mnong'ono, halafu ikawa pumzi yenye maneno ndani. Wambeti alizima friji ya kaunta isingurume. Hakuna aliyeagiza kitu, hakuna aliyegonga glasi. Baa nzima ya walevi ilikuwa imeinama mbele kumsikiliza mtu akieleza mechi isiyo na kitu.

Ikaisha bila bila. Murungi alishika maiki muda mrefu, watu wakadhani atawaambia neno.

"Basi," akasema. "Watu waende nyumbani."

Operesheni ilifanyika Nairobi. Asubuhi ile, kabla hajaingizwa kwa kitanda cha magurudumu, nesi aliwaachia nafasi waongee. Wambeti alikuwa amejitayarisha. Alijua mtu akibakiwa na maneno machache huchagua. Alishika mkono wake, akangoja.

Murungi alifikiri, akakunja uso.

"Ile friji ya nyuma," akasema. "Haifungi vizuri. Mwambie fundi aangalie ile mpira ya mlango."

"Nitamwambia."

"Usisahau, bia zitaharibika."

Wakamsukuma. Wambeti alibaki kwenye benchi la korido akiwa amemkasirikia sana. Miaka yote ya kuoana, na cha mwisho anachompa ni mlango wa friji. Ilichukua siku nyingi akubali kwamba labda mtu huongea mambo ya friji kwa sababu hayo mengine yangemshinda kuyamaliza.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Madaktari walisema wameitoa yote, na Murungi akarudi Kinoru amekonda, na kitambaa cheupe shingoni juu ya lile tundu. Kile kifaa alipewa. Alikijaribu mara moja mbele ya Wambeti. Kilitoa sauti kama redio ambayo betri zinakufa, na kikasema "chai." Wambeti akaleta chai. Murungi akakifuta kwa shati, akakitia ndani ya droo ya kabati na kuifunga.

Hawa wawili walikuwa wanajua kugombana. Hilo majirani wote watakuambia. Wambeti alikuwa na maneno makali, Murungi alikuwa na maneno ya kuchekesha, na ugomvi wao ulienda huku na huku mpaka mmoja acheke na hapo uwe umeisha. Sasa siku moja Murungi alikataa supu. Wambeti aliamka asubuhi mapema kuitengeneza, akaichuja isiwe na hata kipande, naye akaisukuma.

"Sasa hii ni tabia gani? Nimechinja kuku wa mayai. Unataka nikuletee nini, mana? Unakaa hapo umenuna kama mtu aliyenyimwa kura. Hebu jibu. Si nakuuliza?"

Murungi alifungua mdomo. Tundu likatoa pumzi. Akainua mikono yote miwili, akaiteremsha juu ya magoti.

Wambeti alisimama na bakuli. Alikuwa ameshinda. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alikuwa ameshinda ugomvi wazi wazi, bila sare, na alitamani kulivunja lile bakuli ukutani. Alikaa chini akainywa supu mwenyewe, yote, huku Murungi akimtazama.

Watu wa baa walikuja kumwona, na unga na sukari kama mila inavyotaka. Walikaa kwenye makochi wameshikilia kofia, hawajui waweke wapi macho. Baadaye Njura na mwingine wakaanza kubishana kuhusu bao moja lililokataliwa na kamera za refa, wakapandisha sauti, wakasahau wako wapi. Njura akageuka kwa mazoea. "Hebu wewe Murungi utuamue. Ilikuwa ofsaidi, haikuwa?"

Njura aliangalia kofia yake. Murungi akainua mkono mmoja juu kama mshika kibendera, kumaanisha ilikuwa, na wote wakacheka kwa nguvu sana, na wakaaga upesi.

Nadhani ni hapo Njura alipopata wazo lake. Alikuwa na nia njema, isisemwe vingine. Mtu mwenye nia mbaya asingeweza kufanya jambo baya kiasi hicho.

Murungi alipokubali kurudi Hafutaimu siku ya mechi, baa ilikuwa imejaa. Walimpa kiti cha mbele. Walimshika mkono mmoja mmoja. Mechi ilipoanza Wambeti alichukua rimoti aweke sauti ya Kiingereza, kama walivyokuwa wanafanya wiki hizo zote, na Njura akamzuia.

"Ngoja, Mama Kanana. Tumemwandalia kitu."

Alikuwa amerekodi mechi nyingi kwa simu, miaka hiyo. Aliunganisha simu na spika, akabonyeza, na sauti ya Murungi ikajaa baa nzima. Ile ya zamani, nzima, nzito, kabla ya changarawe.

Watu walipiga makofi. Wazee waliinuka kwenye viti. Hata nje kwenye kidirisha Abdilatif alionekana kusimama. Dakika ya kwanza ilikuwa kama sikukuu. Sauti ilisema mzee wa Nkubu amepoteza miwani tena, watu wakacheka, ingawa kwenye skrini hakuna beki aliyekuwa amekosea. Ilisema mpira umetoka kona. Kwenye skrini ulikuwa katikati. Ilitaja wachezaji waliouzwa zamani, wengine walioacha mpira kabisa. Kicheko kikaanza kupungua, kikawa cha hapa na pale. Kwenye skrini golikipa alikuwa amelala chini anavutwa mguu kwa sababu ya mkazo wa misuli, uwanja mzima umesimama, na sauti ikashuka, ikangoja kidogo, ikasema polepole, "Ng'ombe wameingia boma."

Na ndani ya simu, baa ya zamani ikapasuka. Walisikika wote humo, wakishangilia. Njura alisikia sauti yake mwenyewe ikipiga kelele. Wawili katika wale waliosikika walikuwa wamekwisha kufa.

Baa ya sasa haikufanya chochote.

Wambeti alitoka nyuma ya kaunta akang'oa waya wa spika kwa mkono. Aliweka Kiingereza, akapandisha sauti. Alipogeuka, kile kiti cha mbele kilikuwa kitupu.

Alimkuta nyuma, kwenye ule uchochoro wa kuwekea kreti. Jua lilikuwa bado halijatua. Murungi alikuwa amesimama ameelekeza uso ukutani, kwa hiyo hakumwona. Wambeti alifikiri analia, akasogea hatua moja, kisha akasimama.

Midomo yake ilikuwa inaenda. Ilienda mbio, halafu ikatulia, halafu mbio tena. Ndani watu waliguna, pengine mpira umepita pembeni, na midomo ikafuata ile miguno, kichwa kikainama, bega likasogea kama la mtu anayemkwepa beki. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjwa chini ya kidevu, umeshika kitu ambacho hakikuwepo. Kwenye kitambaa cheupe pumzi iliingia na kutoka kwa haraka, ikipiga mluzi mdogo mdogo.

Wambeti alijaribu kusoma ni nani ana mpira. Hakuweza.

Alirudi ndani polepole, akavuta mlango ili usigonge. Njura alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kaunta, macho mekundu, simu ameiweka kifudifudi.

"Yuko wapi?"

"Anapanga kreti."

"Mwambie aje, Mama Kanana. Tafadhali. Mwambie tumepata penalti."

"Anajua," Wambeti akasema, akachukua kitambaa cha kupangusia meza, akawageukia wateja. "Hapo kwenu mnataka nini?"